Kozi ya Kiingereza ya Jioni Dodoma: Nililipia Lafudhi, Nikaondoka na Masikio

Kwa wiki sita, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja na nusu usiku, nimehudhuria kozi ya Kiingereza cha mazungumzo katika kituo kimoja kilicho mwendo mfupi kutoka Uwanja wa Nyerere. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wale wanaoona mabango ya kozi za namna hii kwenye nguzo za umeme na kwenye simu zao, wakajiuliza kama fedha yao itakuwa na faida. Jina la kituo silitaji, maana kasoro nitakazozieleza si zake peke yake: ahadi niliyoisoma kwenye bango lake, ya Kiingereza safi na lafudhi ya Kizungu ndani ya wiki sita, nimeisoma pia kwenye mabango mengine matatu hapa jijini. Ada ilikuwa shilingi 150,000, vitini vikiwa ndani yake, na darasani tulikuwa watu ishirini na wawili.

Sababu iliyonipeleka huko ni aibu. Kazi yangu ni kupokea wageni katika ofisi moja ya umma kule Mtumba, na mwaka jana niliwaandikia wageni wawili kutoka Marekani kwamba kikao chetu kingefanyika kwenye "first floor". Saa ya kikao ilipofika, sisi tulikuwa juu tukiwasubiri, nao walikuwa chini, karibu na mlango, wakitusubiri sisi, kila upande ukiamini kwamba mwenzake amechelewa. Kwa Mwingereza, kama kwetu sisi tunaosema ghorofa ya kwanza, maneno yale yana maana ya sakafu iliyo juu ya ile ya chini. Kwa Mmarekani wa kawaida, sakafu unayoingilia kutoka barabarani ndiyo ya kwanza. Mkuu wangu hakunikemea, ila alisema kwa upole kwamba huenda Kiingereza changu kinahitaji kunolewa. Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa wakati ule na mimi niliamini kwamba kosa lilikuwa la Kiingereza changu.

Wiki mbili za kwanza zilithibitisha imani hiyo, na kwa maoni yangu ndizo sehemu dhaifu kuliko zote. Mwalimu aliyezisimamia, kijana mwenye bidii na sauti nzuri, alitufundisha kana kwamba duniani kuna Kiingereza kimoja kilichonyooka na vingine vyote ni upotofu. Alituagiza tuviringishe ulimi kwenye kila "r" mwishoni mwa neno, kwa namna ya Wamarekani, na papo hapo akatutaka tuvute "a" ya "bath" na "grass" kwa namna ya London. Matokeo yake ni lafudhi ambayo, kwa kadiri ninavyofahamu, haina mwenyewe mahali popote. Vitini navyo vilikuwa na tabia hiyo hiyo: ukurasa wa tatu uliandika "colour" kwa Kiingereza cha Uingereza, wa nne ukaandika "center" kwa tahajia ya Marekani, ile iliyoenezwa na Noah Webster kwa kamusi yake ya mwaka 1828, na hakuna mstari hata mmoja uliotueleza kwamba hizo ni desturi mbili tofauti. Mwanafunzi aliyeuliza ipi ni sahihi alijibiwa kwamba zote ni sahihi, jibu ambalo ni la kweli lakini halimsaidii mtu anayeandika barua ya ofisi.

Nitamtendea haki kijana yule katika jambo moja. Mazoezi yake ya kutenganisha "l" na "r" yaliwafaa sana wenzetu ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi sauti hizo, na hakumcheka mtu, wala hakuruhusu wengine wacheke.

Kozi hii inastahili ada yake kwa sababu ya vipindi vya Ijumaa, vilivyoanza wiki ya tatu. Vilifundishwa na mwalimu mstaafu, mama wa makamo ambaye darasa zima tulimwita Mwalimu bila kuongeza jina. Kipindi chake cha kwanza alikuja na kipaza sauti kidogo na rekodi za watu wa nchi mbalimbali wakisema maneno yale yale. Kabla ya kuzicheza alituomba tuandike kwenye karatasi maneno ya Kiswahili tuliyoyajua kuwa yametoka katika Kiingereza. Tuliandika kwa haraka, kila mtu akiona kazi hiyo ni ya watoto: shati, sketi, kadi, nesi, ripoti, pasipoti, bodi, bia, baa, gia, namba, kompyuta, jenereta, rula, sweta, meneja, dereva. Kisha akauliza swali moja tu: "Ile 'r' iliyo mwishoni mwa maneno haya, au kabla ya konsonanti, imekwenda wapi?"

Darasa lilinyamaza. Kila neno kati ya hayo lina "r" katika maandishi ya Kiingereza, na karibu yote yameipoteza yalipoingia kwetu: "shirt" ikawa shati, "card" ikawa kadi, "nurse" ikawa nesi, "computer" ikawa kompyuta. Wengi wetu tungesema kwamba Waswahili ndio walioshindwa kuitamka. Mwalimu alikataa. Kiswahili kina "r" na kinaitumia bila taabu, kwa hiyo kama babu zetu wangeisikia wangeiandika. Hawakuisikia kwa sababu Waingereza waliotawala Tanganyika kutoka mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia hadi Uhuru mwaka 1961, hasa maofisa na walimu wao, kwa sehemu kubwa walitamka kwa namna ya kusini mwa Uingereza, ambako "r" hutamkwa pale tu inapofuatwa na irabu. Kama tungetawaliwa na Wamarekani, au na Waskoti na Wairishi watupu, ambao wengi wao huitamka kila ilipoandikwa, huenda leo tungevaa sharti badala ya shati. Yapo maneno yasiyofuata njia hiyo, kama daktari na korti, naye aliyataja mwenyewe kabla hatujamnasa.

Akaendelea na irabu. Tunasema basi, raba, brashi, kilabu, pancha na namba, kwa "a", ingawa Kiingereza huandika maneno hayo yote kwa "u". Katika kaskazini ya Uingereza, kwa mfano Leeds au Manchester, watu wengi hutamka "bus" kwa sauti iliyo karibu sana na "u" yetu, kiasi kwamba kama konda wa kwanza angefundishwa na mtu wa huko, pale Jamatini tungekuwa tunagombania busi. Rekodi ilipochezwa na tukamsikia mzee wa Yorkshire akisema neno hilo, darasa lilicheka, na mwenzetu mmoja akasema kwamba mzee yule anasoma kama mtoto wa chekechea anayeanza silabi. Mwalimu alimjibu kwamba mzee yule ndiye aliyebaki na sauti ya kale, na watu wa kusini ndio waliobadilisha.

Tangu jioni ile nimekuwa nikiyasikiliza maneno yangu mwenyewe kwa mashaka ya kupendeza. Ninaponunua chipsi mayai pale karibu na soko la Majengo, ninatumia neno la Mwingereza, kwa kuwa Mmarekani akisikia "chips" anafikiria vile viazi vyembamba vikavu vya pakiti, ambavyo Mwingereza anaviita "crisps". Biskuti zetu ni za Mwingereza vilevile. Kule Marekani jina hilo ni la mkate mdogo laini unaoliwa na mchuzi. Lakini soda ninayonunua pamoja na chipsi hizo inavuka bahari. Mwingereza hana kawaida ya kuita kinywaji cha aina hiyo "soda" peke yake, ilhali ndilo jina la kawaida kwa watu wa New York na wa California. Katikati ya nchi yao husema "pop", na katika majimbo ya kusini watu wengi huita kila soda "coke", hata iwe ya machungwa. Kibanda kimoja cha Dodoma, sahani moja, nchi mbili.

Aliyenufaika kuliko sote ni fundi wa magari mwenye gereji yake upande wa Chang'ombe. Alijiandikisha kwa sababu hujifunza kazi kwa kutazama video za mafundi wa Marekani, na kwa muda mrefu alikuwa akishindwa kufuata maelezo ingawa Kiingereza cha shule anacho. Mwalimu alimwita mbele ataje vifaa vyake kwa Kiswahili: boneti, buti, spana, indiketa, giaboksi, petroli. Kila neno lilitoka kwa Mwingereza, na kila moja lina mwenzake wa Marekani asiyefanana nalo hata kidogo: boneti huko ni "hood", buti ni "trunk", spana ni "wrench", indiketa ni "turn signal", giaboksi mara nyingi huitwa "transmission", na petroli ni "gas", jambo lililomfanya fundi huyu kwa miaka miwili aamini kwamba Wamarekani wote huendesha magari ya gesi. Fundi alikaa chini, akasema taratibu kwamba kumbe hakuwa mjinga, na sentensi hiyo fupi, kwangu mimi, ilitosha kulipia nusu ya ada.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya msamiati tu na kwamba kamusi nzuri ingetosha. Sikubaliani nao, kwa sababu maneno hatari zaidi si yale usiyoyajua bali yale unayoyajua kwa maana ya upande mmoja. Kwa mji wenye Bunge, mfano mzuri kuliko yote ni kitenzi "to table". Mabunge yanayofuata desturi ya Uingereza, likiwemo letu, ambalo ratiba yake ya kila kikao ina kipengele cha hati za kuwasilisha mezani, huelewa kwamba jambo likiwekwa mezani linaanza kujadiliwa. Katika Bunge la Marekani maana imepinduka: kuweka hoja mezani ni kuiweka kando, na mara nyingi ndiyo mwisho wake. Mtu anayeandaa makubaliano kati ya ofisi ya hapa na shirika la kule anaweza kutia saini sentensi moja ambayo kila upande unaisoma kinyume cha mwenzake, na kamusi ya mfukoni isimwokoe.

Saa nayo ina mtego wake, hasa kwetu ambao tunaihesabu kuanzia macheo. Mwingereza akikwambia "half seven" ana maana ya saa saba na nusu kwa hesabu yake, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Wamarekani wengi hawalitumii neno hilo na wakilisikia hubaki wakikutazama. Nilimwuliza Mwalimu tufanyeje. Akasema andika kwa tarakimu, na ukishaandika, uliza tena. Nimeona ofisi nyingi ambazo zingefaidika na ushauri huo kuliko na semina ya siku tatu hotelini.

Kwa matamshi, rekodi iliyonifurahisha zaidi ilikuwa ya Mmarekani akisema "city". Wamarekani, "t" ikikaa kati ya irabu mbili namna hiyo, huigonga kwa ncha ya ulimi mara moja, kama sisi tunavyotamka "r" yetu, na sikio la Mswahili linasikia "siri" kabisa. Katibu muhtasi aliyekaa nyuma yangu alisimulia kwamba aliwahi kuandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba mgeni aliisifu Dodoma kwa siri yake. Mtu wa London wa mitaani naye huimeza "t" hiyo kooni na kuacha pengo. Mwaustralia alisema "day" tukasikia dai; wa New Zealand alisema "pen" tukaandika "pin", sote ishirini na wawili, na Mwalimu hakukosoa hata karatasi moja, kwa kuwa hivyo ndivyo wengine wote duniani wanavyowasikia.

Ubishi uliokuwa mkali zaidi ulihusu neno "safi" lililokuwa kwenye bango. Mwalimu alitusimulia utafiti wa William Labov, mtaalamu wa isimu, ambaye mwaka 1962 alizunguka katika maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kipato cha kati na moja la bei ya chini, akiwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambazo alishajua ziko ghorofa ya nne, ili tu awasikie wakisema "fourth floor". Katika duka la matajiri "r" zilisikika zaidi, na katika duka la bei ya chini zilikuwa chache kuliko kwingine kote. Yaani New York, kuitamka "r" ni dalili ya heshima, ilhali London mtu wa heshima ndiye anayeiacha, na mkulima wa kusini-magharibi mwa Uingereza anayeitamka kwa nguvu huonekana mshamba. Sauti ni ile ile. Kinachobadilika ni nani anayeisema na nani anayemsikiliza. Kijana wa wiki mbili za kwanza alikuwa ameketi nyuma ya darasa jioni hiyo, akiandika, na kwa hilo namheshimu.

Hali hii si ya Waingereza peke yao, na naona Mwalimu alifanya vyema kuirudisha nyumbani kila mara. Andazi la Dodoma likifika Mombasa linaitwa hamri, nyanya za bara ni tungule kule Unguja, na mtoto wa Tanzania bara anakwenda shule, neno tulilolipata kwa Wajerumani, huku mwenzake wa Zanzibar akienda skuli, neno la Waingereza. Mkate mdogo wa mviringo huko Uingereza una majina mengi vilevile: ni "cob" kwa watu wa Nottingham, "batch" kwa wa Coventry na "barm" kwa wa Manchester. Kati ya mwaka 1950 na 1961 Harold Orton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds walizunguka sehemu 313 za Uingereza, nyingi zikiwa vijiji, wakiwauliza wazee maswali zaidi ya 1,300 kuhusu maneno yao ya shambani na nyumbani, kwa hofu kwamba yangepotea. Nilijikuta nikiwaza ni nani anayewauliza wazee wa Bahi na Kondoa maneno yao, lakini hilo si la kozi hii.

Upungufu wa vipindi vya Ijumaa ni mmoja, nao ni mkubwa. Kati ya rekodi karibu arobaini tulizosikia, Afrika ilipata mbili na India moja. Kwa mtu anayefanya kazi Dodoma hesabu hiyo imekosewa, kwa kuwa wageni ninaowapokea mimi hutoka Nairobi, Kampala, Lagos, Pretoria na New Delhi mara nyingi zaidi kuliko Yorkshire. Mtu wa Afrika Kusini akikuelekeza ukate kona kwenye "robot" anakusudia taa za barabarani. Mnaijeria akisema amekwama kwenye "go-slow" yuko kwenye foleni. Na Mhindi akitaja "lakh" katika bajeti, Mswahili ndiye mtu wa kwanza mezani kumwelewa, maana laki yake na laki yetu ni mia moja elfu ile ile, wakati Mwingereza aliye pembeni anatafuta kikokotoo. Hayo tuliambiwa kwa dakika ishirini za mwisho, tukiwa tumeshafunga madaftari. Nilimweleza Mwalimu malalamiko haya naye akaniambia, "Mwanangu, rekodi za Wazungu nazipata bure kwenye intaneti, za ndugu zetu inabidi nizitafute."

Kuhusu mengine sina maneno mengi. Chumba kina hewa ya kutosha, ila upepo wa Dodoma ukianza vumbi linaingia na mlango unagonga. Viti vinaumiza. Umeme ulikatika mara mbili na kipindi hakikufidiwa. Mapokezi wanatoa risiti bila kuombwa.

Mtihani wa mwisho ulisimamiwa na yule kijana, na ulikuwa wa kusoma aya moja huku ukirekodiwa, alama zikitolewa kwa lafudhi. Nilipata 54 kati ya 100, nikakatwa zaidi kwa kuacha "r" mwishoni mwa maneno. Nilimwonyesha kwamba kitini chake ukurasa wa tisa kinasema tunafundishwa Kiingereza cha Uingereza. Alikisoma mara mbili, akatabasamu, akaniongezea alama sita.

Kwa hiyo, anayetaka kubadilishiwa ulimi asipeleke shilingi 150,000 pale, na nina shaka kama atabadilishiwa mahali pengine kwa wiki sita. Anayepokea wageni, anayeandika barua za nje, anayetafsiri vikaoni, au anayejifunza ufundi kwa video, aende, hata kama atalazimika kuvumilia Jumatatu na Jumatano. Juma lililopita nilirudi kituoni kuuliza kama ninaweza kulipia vipindi vya Ijumaa peke yake kwa awamu ijayo, theluthi ya ada. Dada wa mapokezi aliniambia kwamba mfumo wao hauna kipengele hicho, ila akachukua namba yangu. Jana amenipigia: tumeshakuwa tisa tuliouliza hivyo, na wakifika kumi na wawili, darasa litafunguliwa.